Nimerudi darasani nina miaka 44, na nimekuwa bubu

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye treni, Ijumaa usiku, narudi Dodoma kwa familia yangu. Abiria wengi wamelala. Mimi usingizi umekataa, maana leo mchana nilisimama mbele ya darasa nikashindwa kuongea, na tangu saa ile aibu imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilimaliza kidato cha sita 2003, nikaolewa, nikazaa. Mwaka 2006, shule za kata zilipokuwa zikifunguliwa kila mahali na walimu hawatoshi, nikachukuliwa kwenye yale mafunzo ya mwezi mmoja, nikapangiwa shule. Watu walituita "voda fasta", yaani walimu wa harakaharaka. Jina lile liliniuma, na nadhani ndilo lililonisukuma kusoma. Nilipata stashahada kwa kusoma likizo hadi likizo, kisha shahada kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria, nikisoma usiku watoto wakishalala. Kwa hiyo shahada ninayo, lakini sikuwahi kukaa kwenye darasa la chuo kikuu kila siku kama mwanafunzi. Mara yangu ya mwisho kuishi hivyo ilikuwa kidato cha sita.

Mwaka huu nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya elimu katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, ya kuhudhuria darasani. Hii ni wiki ya tano. Tuko 23, na wengi ni karibu rika la binti yangu wa kwanza, ambaye naye yuko chuo mwaka wa pili. Ni vijana wenye adabu. Wananiamkia, wananipisha kiti, wananiita Mama. Lakini tukipewa kazi ya kundi wanasema, "Mama wewe pumzika, sisi tutaandika, wewe tuchangie tu hela ya kuchapisha." Mara mbili nimechangia hela, na mara mbili jina langu limewekwa kwenye kazi ambayo sikuandika hata mstari. Alama zilikuwa nzuri. Sikuzifurahia.

Leo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha makala niliyopangiwa. Niliisoma usiku mara tatu. Kwa Kiswahili ningeieleza hata mtoto wa darasa la saba akaelewa. Nilipoanza kwa Kiingereza, sentensi ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu sikuiona ilikokwenda. Kijana mmoja alininong'oneza neno ili kunisaidia, ndiyo nikapotea kabisa. Mhadhiri akaniambia niketi. Baada ya kipindi aliniita, akasema kwa upole kwamba kwa mtu wa umri wangu mwenye familia, labda masomo ya masafa yangefaa zaidi.

Nakaa kwa binamu yangu Mbezi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; jembe langu mimi ni jiko. Vipindi vikiisha nakimbilia daladala niwahi kupika, na nikimaliza vyombo ni saa nne usiku. Kila Ijumaa napanda treni kwenda nyumbani na Jumapili jioni narudi, kwa sababu mtoto wangu wa mwisho ameanza darasa la kwanza na analia kwenye simu. Kazini hakuna tatizo: mkuu wa shule aliniambia niende tu, barua itafuata, na mwenzangu mmoja ananishikia vipindi. Mshahara unaingia.

Wifi yangu alisema mbele ya watu, mwanamke wa miaka 44 anakwenda kutafuta nini Dar. Mume wangu alimnyamazisha. Yeye ndiye aliyeuza zabibu za msimu wa Agosti akanilipia ada ya muhula, na ndiyo maana haya yote sijamwambia. Akiniuliza najibu kwamba masomo yanaendelea vizuri.

Nisaidie, mama. Nihamie masafa kama mhadhiri alivyosema, niache kabisa, au nikae? Na nikikaa, nifanye nini nisiendelee kuwa bubu?

Mwalimu wa Dodoma

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye maneno mawili uliyoyapita mbio: barua itafuata. Hukuniuliza kuhusu hayo, lakini nitaanza hapo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili na hili haliwezi.

Ruhusa ya mdomo si ruhusa. Wewe ni mtumishi wa umma, na barua ya ruhusa haiandikwi na mkuu wa shule, hata awe mtu mwema kiasi gani. Ombi lako hupitia kwake, likaenda kwa afisa elimu sekondari, likafika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na jibu hurudi kwa maandishi. Mpaka jibu hilo lije, kwa macho ya kanuni hauko masomoni. Umeacha kituo cha kazi. Kutokuwepo kazini bila ruhusa zaidi ya siku 5 ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na wewe una wiki tano. Huo mshahara unaoingia, ambao umeutaja kama habari njema, ndio unaonitia hofu zaidi. Hujasahau uhakiki wa watumishi hewa wa 2016. Jina likiwa kwenye orodha ya malipo na mwenye jina hayupo kituoni, anayetakiwa kujieleza ni wewe. Mkuu wa shule anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na ahadi yake ya mdomo ikaondoka naye kwenye lori la mizigo.

Kwa hiyo safari yako ijayo ya nyumbani usirudi Dar Jumapili. Lala, na Jumatatu asubuhi uwe halmashauri ukiwa na barua ya ombi iliyopitishwa na mkuu wa shule, nakala ya barua ya udahili na ratiba ya chuo. Muone afisa utumishi. Muulize kama umo kwenye mpango wa mafunzo, kama ruhusa itakuwa ya malipo au bila malipo, na ukihitimu unatakiwa urudi kutumikia kwa muda gani. Ukipewa mkataba, kipengele hicho cha kurudi kutumikia ukisome kabla ya vingine vyote. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uiweke mahali ambapo hata nyumba ikivuja haitalowa. Na yule mwenzako anayekushikia vipindi umshukuru, lakini umweleze ukweli, kwa sababu naye amejiingiza bila kujua.

Wakikujibu kwamba mwaka huu haiwezekani, hapo utaandikia chuo barua ya kuahirisha masomo na kueleza sababu. Vyuo vina utaratibu huo. Wanaoumia ni wale wanaopotea kimya kimya, wakirudi mwakani wanakuta majina yamekwisha kufutwa.

Sasa maswali yako. Umeniuliza uhame, uache au ukae, lakini kwenye barua yako naona ukili wa rangi mbili uliosukwa mkeka mmoja. Rangi moja ni aibu, nyingine ni hesabu. Aibu ni sentensi ya tatu iliyopotea, ni maneno ya mhadhiri, ni wifi. Hesabu ni Mbezi, jiko, treni, mtoto, nauli. Nakuomba ufumue mkeka huo uone kila ukili peke yake. Kama utahamia masafa, uhame kwa sababu hesabu imekataa. Aibu isikuhamishe.

Sisemi hivi kwa kuyadharau masomo ya masafa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako hasa, watu wasioweza kuacha darasa, duka au mtoto, na shahada uliyopata huko uliitolea jasho kuliko wengi. Lakini kusoma peke yako usiku tayari unajua, umeshathibitisha. Ulichokosa maisha yako yote ni kile ulichokifuata Dar: kukaa na watu wengine wanaofikiri juu ya jambo unalofikiri wewe, wakakupinga, ukawajibu. Na ukitazama wiki hizi tano, hujakipata bado. Unaingia darasani, unatoka, unakimbilia daladala. Unalipia kuhudhuria, kisha unaishi kama mtu wa masafa aliyehamia Mbezi.

Nikuulize jambo kama mwalimu. Kila Januari unapokea watoto wa kidato cha kwanza waliosoma miaka saba kwa Kiswahili. Wanapewa ile kozi fupi ya Kiingereza, kisha wanatumbukizwa kwenye Baiolojia, Jiografia, Historia. Unamjua yule mtoto ambaye uwanjani ndiye msemaji wa wote, anajua mbuzi anavyozalishwa na mvua inavyotabiriwa, lakini ukimuuliza swali darasani anatazama kwenye dawati kama jibu limechongwa pale. Umemwona kwa miaka 19. Je, uliwahi kuamini kwamba hana akili? Najua hukuamini. Mwalimu aliyekerwa na jina la voda fasta hawezi kuamini hivyo.

Basi Ijumaa ulikuwa mtoto huyo. Makala uliielewa. Ulichokosa ni lugha ya kuitolea mbele ya watu, kwa sababu miaka yote hii Kiingereza umekiandika ubaoni na kukisoma kitabuni. Kukizungumza kwa dakika kumi bila kusimama hakuna aliyekuzoeza. Na ukimya huo ni jambo zito ambalo wasomi wamelichimba. Mwaka 1984 Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari wakakuta wengi hawakimudu kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Kuanzia 2002, mradi wa LOITASA uliwaleta pamoja watafiti wa Tanzania na wenzao wa Afrika Kusini na Norway, akina Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, kuangalia kinachotokea darasani lugha ya kufundishia ikibadilika. Watafute wote hao maktaba. Halafu jiulize wewe unaona nini ambacho hawakukiona, uliyekaa shule ya kata Dodoma ambako mtoto anaongea Kigogo nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, kisha Kiingereza. Muhula ujao mtaanza kutafuta mada ya tasnifu. Wenzako watahangaika, wengine wataomba mada kwa msimamizi kama anayeomba chumvi. Yako unayo tangu 2006.

Kuhusu kuongea kwenyewe nitakupa kilichonisaidia mimi, maana nilirudi darasani nikiwa na miaka 46. Usijaribu kukariri uwasilishaji wote. Ukikariri wote, neno moja likidondoka jengo zima linaanguka, na naona hilo ndilo lililokupata. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati uwe na karatasi yenye mambo manne au matano kwa maneno machache, na ruhusa ya kuitazama. Siku moja kabla, mtafute mwenzako mmoja, kaeni kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea pale chuoni, umweleze makala nzima kwa Kiswahili kwanza. Akikuuliza maswali, umjibu. Kisha rudia yote kwa Kiingereza, kwa sauti, siyo moyoni. Utashangaa namna Kiingereza kinavyokuja kikikuta njia imekwisha kufyekwa. Na kwenye semina zisizo zamu yako, uliza swali moja mapema, hata dogo, hata uliloliandika usiku uliopita. Ukinyamaza robo saa ya kwanza, kila dakika inayofuata mdomo unazidi kuwa mzito.

Kisha rudi kwa yule mhadhiri. Nafikiri alikuhurumia, na huruma yake imekuumiza kuliko karipio. Nenda ofisini kwake na umwambie, kwa Kiswahili ukitaka, kwamba umefikiria ushauri wake, umeamua kubaki, na unaomba kuiwasilisha tena makala ileile. Huenda akakupa dakika kumi, huenda akakataa kwa sababu ya ratiba. Vyovyote vile atakuwa amekujua kwa jambo jingine tofauti na lile la Ijumaa.

Hao vijana wa kundi lako wananigusa moyo, maana najua wazazi wao wangejivunia kusikia wanavyokupisha kiti. Lakini heshima hiyo inakuibia. Umeletwa mjini na zabibu za mumeo, halafu unarudishwa pembeni na salamu! Hawakukusudia. Wamefundishwa kwamba mtu mzima hasumbuliwi, na wewe umefundishwa kwamba ukipewa heshima huikatai, basi mmekaa hivyo, kila mmoja anafanya adabu. Wewe ndiye wa kuivunja, kwa sababu wao hawawezi. Wakikuamkia, itikia. Kisha sema: "Marahaba wanangu. Safari hii sehemu ya mazingira ya darasani naandika mimi, nanyi mtanisahihishia." Sema hivyo mwanzoni kabisa, kazi ikigawanywa, usingoje wakamaliza. Nakuambia uchague sehemu ya darasani kwa sababu mnasoma elimu, na wengi wao darasa wanalijua kwa zile wiki za mafunzo kwa vitendo tu. Hawajawahi kukaa na wanafunzi 90 na vitabu 11. Hawajamfuata nyumbani binti aliyeacha shule mavuno yalipoanza. Wao watakuonyesha kompyuta, wewe utawaonyesha shule ilivyo, na hapo hakuna mwenye kumsaidia mwenzake kwa huruma.

Unajua, kulikuwa na wakati ambapo wewe ungekuwa wa kawaida kabisa pale. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakupanda moja kwa moja kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipita Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, mwajiri akamwandikia, ndipo akaenda. Wawili kati ya walimu walionifundisha mimi walipita njia hiyo. Walikuwa wakituambia kwamba kwenye semina zao mhadhiri akitaja jambo la vijiji, kulikuwa na mtu aliyetoka kijijini kufanya kazi hiyohiyo, na mhadhiri alikuwa anaandika anayosema mwanafunzi. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake, na wasichana wengi uliwachelewesha. Lakini umri darasani haukuwa ugeni.

Kuna jambo moja ambalo hujalifikia na litakufikia, nalo liliniumiza mimi. Insha yangu ya kwanza ilirudi bila alama. Chuo, sikitaji, kilikuwa kimeanza kupitisha kazi kwenye programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na yangu ilikutwa na aya nzima nzima za watu wengine. Nililia. Sikuwa nimekusudia kuiba. Lakini fikiria kazi yetu: miaka na miaka mwalimu anachukua kitabu, ananukuu ubaoni, wanafunzi wananakili daftarini, na hakuna anayeandika aya hiyo ni ya nani. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Nafikiri hakuna mtu aliye karibu na kosa hili kuliko mwalimu wa miaka mingi, na hakuna anayetuambia. Kwa hiyo anza sasa: ukisoma, funga makala, andika kwa maneno yako ulichoelewa, kisha uandike pembeni jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Waombe vijana wakuwekee Zotero kwenye kompyuta, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure, na wakuonyeshe mara mbili. Mkutubi muulize jinsi ya kuingia Research4Life, ambako nchi kama yetu inapata majarida ambayo kwingine yanalipiwa fedha nyingi. Wakutubi hawaulizwi vya kutosha, na nimewakuta ni watu wanaofurahi kuulizwa.

Tuje kwenye hesabu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Nauli ya treni Dar hadi Dodoma, daraja la kawaida, ni shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000, na kwa wiki nne ni 248,000. Ukienda nyumbani kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, unabakiwa na 124,000 kila mwezi. Weka fedha hizo kwenye chumba karibu na chuo, mkishirikiana na mwanafunzi mwenzako. Darasa la watu 23 halikosi mwingine anayelala mbali. Najua utasema kwa binamu hulipi. Unalipa. Unalipa kwa saa zile zote za kuanzia vipindi vinapoisha hadi saa nne usiku, na hizo ndizo saa ambazo wenzako wako vimbwetani na maktaba wanabishana juu ya makala ambayo wewe uliisoma mara tatu peke yako. Binamu yako umuage vizuri, umpelekee zabibu na karanga za Dodoma, umwambie ukweli kwamba masomo yamezidi. Undugu unadumu zaidi mtu akiondoka mapema kuliko akikaa mpaka vyombo vianze kugongana.

Najua wiki mbili ni nyingi kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mimi wangu alikuwa na miaka tisa nilipoondoka, na bado nakumbuka sauti yake kwenye simu. Kilichotusaidia ni kuwa na saa moja isiyobadilika. Sikumuuliza umekula, umeoga, maana maswali hayo yalimkumbusha kwamba sipo. Yeye alinisomea kitabu chake, mimi nikamsomea mstari mmoja wa changu, hata kama haukumwingia akilini. Wa kwako ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi. Atakuwa na mengi ya kukusomea. Mama mkwe au yeyote anayelala naye aujue mpango huo, simu iwe na chaji. Wiki za mwanzo atalia. Ukiona baada ya mwezi na nusu bado halali au hali chakula, au mwalimu wake anakuambia amekuwa mtu mwingine, hapo hesabu imekataa, na ukiahirisha mwaka mmoja kwa ajili yake hakuna atakayekulaumu, mimi nikiwa wa kwanza.

Wifi mwache. Mumeo alishamjibu.

Mumeo ndiye ninayemfikiria tangu nilipomaliza kuisoma barua yako. Umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, usiku, ndani ya treni inayokupeleka kwake, na yeye ukifika utamwambia masomo yanaendelea vizuri. Naelewa: ameuza mavuno ya msimu mzima, unaona ukimwambia umeshindwa kuongea mbele ya vijana utakuwa umemrudishia zabibu zilizooza. Lakini mwanamume aliyemnyamazisha dada yake mbele ya watu kwa ajili yako hakununua ushindi. Pia anahitaji kujua kuhusu barua ya Mkurugenzi, kwa sababu mshahara huo ukiguswa, nyumba yenu wote imeguswa. Na anahitaji kujua kuhusu chumba na treni, kwa sababu wiki usizokuja yeye ndiye atakayeulizwa na mtoto mama yuko wapi. Jumamosi utakayokuwa nyumbani, mfuate shambani asubuhi kabla jua halijawa kali, mkiwa wawili. Mwanzie na ile sentensi ya tatu.